Wapagazi wa Tendaguru na Sinema za Mijusi wa Kale

Katika mwaka 1925, zama ambazo sinema zilikuwa bado bubu, ilitoka Marekani filamu iitwayo The Lost World, asili yake riwaya ya Mwingereza Arthur Conan Doyle ya mwaka 1912, nayo ikawaonyesha watazamaji jambo ambalo jicho la mwanadamu halikupata kuliona tangu kuumbwa kwake: mijusi wakubwa wa kale, wale tuwaitao dinosaria, wakitembea, wakila majani, wakiraruana juu ya mlima wa Amerika ya Kusini usiofikika, na mmoja wao, baada ya kuchukuliwa hadi London, akijinasua na kupita mitaani akivunja majumba, hata daraja likashindwa kumhimili, akatumbukia mtoni na kuogelea kuelekea baharini. Naipenda filamu hiyo kwa dhati, na haya nitakayoyanena hayatokani na nia ya kuitweza.

Mafundi wake walikuwa watu wa subira adhimu. Marcel Delgado aliwaunda wanyama hao kwa sanamu ndogo zenye mifupa ya chuma na ngozi ya mpira, na ndani yake akatia vibofu vya kujazwa hewa, ili mbavu zipande na kushuka kama za kiumbe avutaye pumzi. Kisha Willis O'Brien, aliyekuwa fundi mkuu, akalisogeza guu la sanamu kidogo mno, akapiga picha moja, akalisogeza tena, akapiga nyingine, kutwa nzima, apate mwendo wa kutazamwa kwa muda mfupi tu. Mwaka 1922 Conan Doyle mwenyewe aliwaonyesha sehemu ya kazi hiyo wanachama wa chama cha wafanya mazingaombwe mjini New York, watu ambao maisha yao ni kuyahadaa macho ya wenzao, naye akakataa kuwaeleza asili ya walichokiona, wakaondoka wametahayari. Ukitaka kuijua thamani ya subira hiyo, itazame filamu ya jina lilo hilo iliyotengenezwa mwaka 1960 na Irwin Allen, ambamo badala ya sanamu waliletwa kenge na mijusi wazima wa siku hizi, wakabandikwa pembe na mapezi, tukatakiwa tuamini kuwa hao ndio dinosaria. Mimi sikuamini, na nikawahurumia kenge.

Lakini aghalabu filamu za namna hii, za zamani na zilizozifuata, zina kanuni moja isiyobadilika. Yuko profesa mwenye hasira, yuko mwindaji hodari, yuko mwandishi wa gazeti mwenye kutafuta umaarufu, na yuko msichana wa kupendwa. Na nyuma yao wote, wakiwa na mizigo vichwani, wako watu wasio na majina, ambao kazi yao ni kuogopa, kukimbia, na kufa mapema ili tujue kuwa hatari imekaribia. Katika The Lost World yumo mtumishi mweusi aitwaye Zambo, na hata nafasi hiyo ndogo hakupewa mtu mweusi: aliicheza Jules Cowles, mzungu aliyepakwa weusi usoni. Katika King Kong ya mwaka 1933, ambayo ufundi wake ni wa O'Brien yule yule, wenyeji wa kisiwa wameishi na wanyama hao vizazi kwa vizazi, wanautunza ukuta wa kale wa kuwazuia, wanajua nyendo zao. Ilhali mgunduzi anahesabiwa kuwa ni yule aliyeteremka jana kutoka merikebuni.

Hili linanichoma kwa sababu ya Tendaguru. Wakati Conan Doyle alipokuwa akiitunga riwaya yake mezani Uingereza, katika kilima hicho cha nchi ya Wamwera, mwendo wa siku nne kwa miguu kutoka Lindi, mamia ya watu wetu walikuwa mashimoni wakichimbua dinosaria wa kweli. Mwaka 1906 mhandisi wa Kijerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, alipeleka habari za mifupa mikubwa iliyochomoza ardhini; kisha tangu mwaka 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yakafanya kazi kubwa pale, kwanza chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Nchi ilikuwa bado na majeraha ya Maji Maji na njaa iliyofuata. Watu waliosalimika katika msiba huo ndio walioshika sururu na majembe, wakaiondoa mifupa katika udongo bila kuivunja, wakaifunga kwa plasta na mianzi, wakajitwika vichwani na mabegani zaidi ya tani mia mbili za mawe ambayo zamani yalikuwa wanyama, hadi bandarini Lindi. Mfupa mmoja tu wa mkono wa juu wa yule aliye mkubwa kuliko wote una urefu wa zaidi ya mita 2. Mnyapara wao mkuu, na fundi ambaye Janensch alimtegemea katika kuitambua na kuitayarisha mifupa, aliitwa Boheti bin Amrani.

Basi nauliza: katika hikaya hii mgunduzi ni nani? Waingereza nao walikuja mwaka 1924, wakiongozwa na William Cutler, akifuatana na kijana Louis Leakey ambaye baadaye sifa zake zilienea dunia nzima. Na mwaka 1925, mwaka ule ule ambao watazamaji wa New York walikuwa wakimshangilia mjusi wa sanamu, Cutler aliaga dunia huku Lindi kwa malaria. Safari ya kweli, kifo cha kweli, mnyama wa kweli, na hakuna mtengeneza sinema aliyegeuza uso kutazama upande huu.

Nawaomba watengeneza filamu wetu wautazame. Wanazo hazina zote ambazo Hollywood ilibidi izibuni: kilima, msitu, vita vilivyopita, homa, msafara wa wapagazi unaoteremka pwani alfajiri na mzigo usio na jina katika lugha yoyote waijuayo. Nami nataka mpagazi awe mbele ya kamera, aseme, akosee, abishane na bwana mkubwa, na apatie. Na katika kumbi zetu zionyeshwe pia zile filamu za kale, maana kijana atakayeutazama mkono wa O'Brien atajifunza kuwa ajabu huzaliwa na kazi.

Yule mkubwa wa Tendaguru, ambaye Bungeni imepata kuulizwa atarudi lini, angali amesimamishwa Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Janensch alimpa jina mwaka 1914, akaliambatisha na la Wilhelm von Branca, mkuu wa makumbusho aliyeituma safari na kubaki Berlin. Boheti bin Amrani alingoja hadi mwaka 2007, ndipo mtaalamu mmoja alipochukua mifupa michache ya shingo iliyotoka mashimo yale yale, akaona kuwa ni ya mnyama asiyepata kutajwa, akamwita Australodocus bohetii.