Chuma Kinaponepa: Jibu kwa Wanaokifungia Kiswahili Nje ya Karakana

Malenga wenzangu na wapenzi wa lugha,

Nimechoka kuambiwa kwamba Kiswahili ni lugha ya mahaba na mafumbo, na kwamba mambo ya chuma na kompyuta tuwaachie wengine. Linaloniuma zaidi ni kuisikia kauli hiyo vinywani mwa watunzi. Naikanusha nikiwa Mpanda, mji usio na ufuo.

Mkoa wetu wa Katavi unapakana na Ziwa Tanganyika, na huko Karema imejengwa bandari ili shehena za Kongo zipate njia. Bandari huita meli. Nalo ziwa hili liliizoea zamani meli ya vipande: MV Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaunganishwa upya Kigoma kwa ribiti na kushushwa majini Februari 1915. Leo meli kubwa huundwa vingine. Vipande vyenye uzito wa mamia ya tani huchomelewa kwanza nchi kavu, kisha winchi huvinyanyua na kuvipandisha mahali pake.

Hapo ndipo penye hatari. Kipande kikubwa kikining'inia, uzito wake wenyewe hukiumbua. Kikishaharibika umbo, kingo zake hazikutani tena na za jirani yake, na kazi hurudiwa kwa moto na nyundo. Ndiyo maana zipo programu za kompyuta zinazokigawa kipande, kwa hesabu tu, katika maelfu ya vijipande, zikapima kila kimoja kinabeba nini. Kabla winchi haijaguswa, huonyesha mahali pa kutia kulabu, urefu wa kamba za chuma, na pa kuchomelea mihimili ya muda.

Sasa tuseme nini kwa Kiswahili? Wapo watakaoridhika na "mabadiliko ya umbo", basi. Huo ni uvivu, wala si umaskini wa lugha. Kilichoshikwa ncha mbili kikalegea katikati kinanepa. Kilichovutwa pembe moja juu na nyingine chini kinapopotoka. Bati lililosukumwa nje limebenuka, lililodidimia limebonyea. Kila neno ni ila yake na dawa yake: kinachonepa huongezewa kulabu katikati, kinachopopotoka husawazishiwa kamba, kinachobonyea penye kulabu huwekewa bamba la kusambaza uzito. Fundi akisikia neno lililo sahihi, nusu ya dawa ameipata.

Mafundi wa majahazi wa pwani walitwachia mkuku na mataruma. Sisi tumeyageuza mafumbo ya maisha, tukasahau kwamba meli ya chuma nayo ina mkuku na mataruma. Mwacha asili ni mtumwa.

Nitajibiwa kwamba programu hizo huandikwa kwa Kiingereza na wahandisi wanakijua. Na wakijue, siwazuii. Lakini mhandisi hukaa mbele ya kioo cha kompyuta, na anayeshika kamba chini ya tani mia mbili ni kijana aliyeondoka Mpanda kutafuta riziki. Onyo likitoka kwenye kioo hadi sikioni mwake kwa lugha ya kukisia, hawezi kuomba litafsiriwe huku mzigo unapopotoka juu yake. Hapo neno si pambo. Ni uhai wa mtu.

Kwa hiyo nasema: BAKITA na vyuo vyetu visikae ofisini kubuni istilahi. Viende Kigoma, Mwanza na Lamu, viwasikilize wachomeleaji na maseremala wa vyombo, vikusanye kwanza kilichopo ndipo viunde kilichopungua. Nasi malenga tuwe mbele yao, kwa kuwa kupima neno kama lipimwavyo chuma ndiyo kazi tunayojidai kuijua.

Chuma nacho hulemewa, kikanepa na kupinda,
Lugha nayo huonewa, ikaachwa na kuvunda,
Fundi asipoelewa, mzigo utamponda,
Malenga tumechelewa, mbegu hizi kuzipanda.