FUNDI NA KAZI YAKE: Usiongeze lame juu ya chuma kinachocheza



Mwezi huu ninajibu kijana mmoja wa Kamituga anayejifunza kazi katika garaji. Anauliza hivi: « Mwenye motokari ametuletea Land Cruiser ya zamani, ile ya resori za lame mbele. Anataka tuongeze lame mbili na kuweka amortiseri mpya, ibebe mizigo mingi. Lakini mimi naona usukani unatetemeka. Nikisema, anafikiri natafuta pesa yake. Nifanye nini? »

Ndugu yangu, macho yako yameona vizuri. Na nyinyi wazazi, msiruke ukurasa huu, sababu ni watoto wenu wanaokaa juu ya ile mizigo.

Kutoka Bukavu mpaka Kamituga, kwa njia ya Walungu na Mwenga, ni karibu kilometa 180. Wakati wa mvua kila shimo linapiga magurudumu ya mbele kwanza. Ndiyo maana kila mtu anataka kutia nguvu mbele. Land Cruiser za kazi za namba 75 zilikuwa na lame mbele na nyuma. Mwaka 1999 Toyota iliweka mbele resori za mviringo, kama zile za amortiseri ya pikipiki, ili gurudumu lifuate njia vizuri zaidi. Hata kule Marekani, wanaofufua magari ya nguvu ya zamani kama Ford Mustang, iliyoanza kuuzwa mwaka 1964, wanashughulikia sana mbele. Injini kali haina faida kama gurudumu la mbele halishiki njia.

Sasa tuelewane. Resori inabeba uzito. Amortiseri haibebi kitu. Kazi yake ni kuzuia motokari isirukeruke. Ukiongeza lame, resori inakuwa ngumu. Ikiingia shimoni bila mzigo, gurudumu linaruka. Na gurudumu lililo hewani haligeuki na halifungi freni. Basi nguvu peke yake haitoshi.

Kabla ya kununua kitu, fanya hivi:

1. Weka mawe nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma. Inua mbele kwa kriki, kisha weka gogo gumu chini ya ekseli. Usitumaini kriki peke yake, hata dakika moja!

2. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage freni. Mchezo ukiisha, kasoro iko kwenye rulema za gurudumu. Ukibaki, angalia rulema za pivo, pale gurudumu linapogeukia. Mara nyingi hapo ndipo usukani unapoanza kutetemeka.

3. Shika kushoto na kulia, utikise tena. Hapo utaona kama rotule za usukani zimekwisha.

4. Tazama lile tufe nyuma ya gurudumu. Grisi ikitoka nyepesi, imechanganyika na mafuta, joenti za ndani zimechoka.

5. Angalia mipira iliyo kwenye matundu ya resori, na kila lame kama imepasuka.

Tengeneza hayo kwanza. Kisha weka resori. Zile bride zinazofunga resori kwenye ekseli, usirudishe za zamani zilizovutika; weka mpya, uzikaze tena kisha safari ya kwanza. Ekru za mipira ya resori zikaze mwisho motokari ikiwa imesimama chini kwa uzito wake. Ukizikaza ikiwa juu, mpira unajipinda na unakatika upesi. Na kama mbele imepanda, hakikisha mipira ya freni haivutwi wakati ekseli inashuka. Mwisho pima magurudumu kwa kamba, mbele na nyuma yake, kama yanatazama sawasawa.

Kumbuka pia: lame mpya hazikuze freni, wala ekseli, wala chasi. Mwenye motokari akiona mbele imesimama vizuri, anaongeza mifuko. Ile mifuko ndiyo inakuja kuua kwenye mteremko.

Na yule mwenye motokari? Usibishane naye kwa maneno. Mwite: « Papa, karibu, shika hapa mwenyewe. » Atikise gurudumu kwa mkono wake. Mtu haamini mdomo wa fundi, lakini anaamini mkono wake. Mwonyeshe bei ya rulema kando na bei ya lame, na muwekee vyuma vya zamani avione. Kama bado anasema « Ongeza tu, kesho inapanda », muulize nani atakaa juu yake. Kisha mwambie kwa heshima: « Papa, hii kazi siwezi kuimaliza hivi. » Zungumza kwanza na mkubwa wako wa garaji, asishangazwe.

Utapoteza labda kazi ya siku moja. Ni kweli, na njaa haina mchezo. Lakini watu wa Kamituga wanajua shimo: nani anaweka mti mpya juu ya mti uliooza, kisha anatuma kaka yake aingie? Motokari ni vilevile. Ondoa kinachocheza, ndipo uongeze nguvu.

Kazi njema, na tuonane mwezi ujao.