Gari la waya nililomnyang'anya dogo

Najua nimepotea hapa kijiweni kwa muda, fildi ilikuwa na mambo yake, na tangu nirudi chuo asaimenti zimenikaba koo. Leo nimepata upenyo, na nimekuja na hoja kabisa, si salamu tu.

Juzi usiku mwenzangu wa chumbani aliniita nione video kwenye simu yake. Mzee mmoja Mmarekani alikuwa anaunda modeli ya Dodge Charger ya mwaka 1969. Kwa asiyefahamu, Wamarekani wana magari wanayoyaita "ya misuli": miaka ya 1960 walichukua gari la ukubwa wa kati wakalitia injini kubwa, kama Pontiac GTO ya 1964, kisha kampuni zikaanza kushindana nani ana nguvu zaidi. Siku hizi kuna watu wazima wanayaunda kwa plastiki mezani, na skeli inayopendwa sana ni 1 kwa 25. Charger halisi ina urefu wa mita 5.28 hivi, kwa hiyo ya mezani inakuja kama sentimita 21. Mzee alikuwa anapaka injini rangi kwa brashi nyembamba mno, halafu anapitisha nyaya za plagi moja moja kwa kibano. Kazi safi, sikatai.

Mwenzangu akasema, "Hawa jamaa wametulia. Sisi kwetu wapi utaona mtu anafanya kitu kama hiki?"

Nilinyamaza. Nilikuwa namkumbuka dogo mmoja wa Form Two.

Basi iko hivi. Fildi niliomba Mpanda ili nikae nyumbani, Misunkumilo, hela ya kujikimu isiishie kwenye kodi ya chumba. Shule siitaji. Nilipewa Hisabati Form Two, na wiki ya tatu tukafika kwenye maumbo yanayofanana na skeli. Nimechora pembetatu mbili ubaoni, moja ndogo moja kubwa, najiona mwalimu kweli kweli. Mara nasikia mlio wa bati kutoka benchi la nyuma. Nikaenda. Dogo ameficha gari chini ya dawati, anakaza mlango kwa waya huku mimi nafundisha.

Nikalichukua. Nikamwambia asimame hadi mwisho wa kipindi, na nikaongeza maneno ambayo sasa nayaonea aibu: "Wewe utaishia kuchezea makopo." Darasa likacheka, nami nikafurahi kwamba darasa limenielewa.

Wadau, mimi huyu huyu nikiwa darasa la tano niliunda Scania ya waya, tela lake lina tairi kumi na mbili. Mwalimu aliitupa kwenye moto wa takataka mbele ya mstarini. Niliapa siku ile kwamba nikiwa mkubwa sitamfanyia mtoto hivyo. Miaka kumi na kitu baadaye nimevaa shati la kuchomekea, nimeshika chaki, nimefanya yale yale. Tofauti ni moto tu.

Jioni nilienda na lile gari nyumbani kwa sababu ofisini lingekanyagwa. Mama aliponiona akauliza, "Mwanangu, chuo ndiyo kimekurudisha kwenye kuchezea magari?" Nikaliweka mezani nikaanza kuliangalia vizuri kwa mara ya kwanza.

Lilikuwa Land Rover 110, zile zinazopita Mpanda zikielekea Sitalike na hifadhi ya Katavi. Fremu ni waya wa seng'enge. Bodi ni bati la kopo la rangi, limekunjwa kingo lisikate mkono. Tairi ni ndala, mbili mbili zimegandishwa, na kashata za tairi zimechongwa kwa wembe. Vioo ni chupa ya maji. Taa zimepigwa ile karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara. Gridi ya mbele ni kipande cha wavu wa dirisha. Lile bomba la kuvutia hewa linalopanda pembeni ya kioo ni ganda la kalamu, limepashwa moto likapinda. Tairi la akiba liko nyuma mlangoni, na mlango unafunguka. Ukizungusha fimbo ya usukani, tairi za mbele zote mbili zinakata kona pamoja.

Nikachukua rula. Tairi, sentimita 8. Kutoka katikati ya tairi la mbele hadi katikati ya tairi la nyuma, 28. Upana, 18. Urefu wote, 46.

Sasa, jina la 110 lenyewe ni kipimo. Ni inchi 110 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, yaani sentimita 279.4. Gawa kwa 28. Nikatafuta vipimo vingine kwenye simu: upana kama sentimita 179, urefu kama 460, na tairi lake la kawaida lina kimo cha sentimita 80 hivi. Fanya mwenyewe hesabu. Kila kitu ni 1 kwa 10. Nilirudia kupima mara mbili nikidhani rula ina tatizo.

Kesho yake nikamwita chini ya mwembe. Alikuja mikono nyuma, anajua anakuja kuchapwa.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Hili gari ulipimaje?"

"Sijapima mwalimu. Nilihesabu tairi."

Kumbe alikwenda gereji kulikokuwa na Land Rover inasubiri vipuri. Akachukua kamba, akaikata sawa na kimo cha tairi. Halafu akawa anailaza ile kamba kwenye gari kama anapima shamba kwa hatua. Kati ya tairi na tairi, kamba tatu na nusu. Upana, mbili na kidogo. Urefu wote, tano na robo tatu. Akarudi nyumbani, akakata tairi la ndala kwanza, akakata kamba nyingine ndogo sawa na lile tairi, akajenga gari zima kwa kuhesabu kamba ile ndogo. Sentimita hakuitumia hata moja.

Nikamwonyesha zoezi langu la wiki ile. Swali la skeli alikuwa ameliacha wazi kabisa. Nikamuuliza kwa nini, wakati anaijua kuliko mimi. Akaniangalia kwa huruma: "Hilo si la ramani mwalimu? Tena la Kiingereza."

Hapo ndipo hoja yangu ilipo, wadau. Mzee wa Marekani anaponunua boksi lake, kiwanda kimeshamfanyia hesabu ya skeli. Anachofanya ni kukata, kugundisha, kupaka rangi na kuongeza vikorombwezo, na heshima yake ipo. Huyu dogo hana boksi. Ile hesabu ya kiwandani kaifanya yeye kwa kamba, halafu akaingia kwangu darasani nikamwambia ataishia kwenye makopo. Nasema mwalimu anayenyang'anya gari la waya bila kuuliza limepimwaje anatupa kipindi kilichokwisha andaliwa.

Najua mtanijibu. Kwanza mtasema darasani lazima kuwe na nidhamu. Sawa, gari lisitengenezwe wakati wa kipindi, kwa hilo dogo alikosea. Lakini kuliweka kando kwa dakika arobaini na kumdhihaki mbele ya wenzake ni vitu viwili.

Pili mtasema mtihani wa taifa hauulizi waya. Ni kweli, unauliza uwiano. Kipindi kilichofuata nilitoa darasa nje na kamba, tukapima pikipiki ya mwalimu mmoja kwa kutumia tairi lake, kisha tukarudi ubaoni kwenye zile pembetatu. Sidanganyi kwamba wote walielewa. Dogo mwenyewe jaribio lililofuata alipata 46 kwa mia, Kiingereza bado kinamsumbua. Ila swali la skeli alilijibu.

Tatu, na hili sikuliona mwenyewe. Binti mmoja alinyoosha mkono akasema, "Mwalimu, hiyo mbona ndiyo tunavyopunguza gauni la mama kuwa la mtoto?" Kwao wana cherehani. Nilikuwa nimetukuza magari siku nzima na nusu ya darasa sikuifikiria. Kwa hiyo nisiseme magari tu: kila mtoto ana mahali anapopimia, na kazi yetu ni kupauliza.

Tena sitaki tusifie umaskini. Waya wengine hupatikana kwa kuchoma tairi, moshi wake ni sumu, na bati limewakata watoto wengi vidole. Dogo angekuwa na koleo, mkasi wa bati na mtu mzima wa kumwangalia, angefika mbali zaidi. Siku hizi kuna mtaala ulioboreshwa wenye mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Tunaambiwa tusubiri karakana na vifaa. Vije, tena haraka. Ila karakana nzuri ikija na mwalimu wa aina yangu ya wiki ya tatu, itabaki na makufuli mapya tu.

Gari nilimrudishia, na nilimwomba radhi mbele ya darasa lile lile lililocheka. Ulimi ulikuwa mzito, sikuwahi kuona mwalimu akifanya hivyo. Dogo akasema "asante mwalimu" akakaa. Wiki iliyofuata nikamuuliza liko wapi. Ameliuza, elfu tano, amenunua madaftari. Tayari alikuwa na oda ya Fuso.

Sina hata picha. Mwenzangu wa chumbani nilipomsimulia hakuamini, nikabaki nachora kwa kalamu nyuma ya hendauti: tairi, halafu kamba tatu na nusu.

Haya, walimu watarajiwa, na nyie mliowahi kunyang'anywa gari, mwanasesere au chochote: mnasemaje? Nani hapa gari lake lilichomwa? Naomba kutoa hoja.