Mupelelezi wa Filimu na Mupelelezi wa Kweli



Katika internat yetu kuko mabishano. Wamoja wanapenda sana filimu ya zamani ya televizio ya Waingereza, ile inayoitwa kwa Kifaransa «Chapeau melon et bottes de cuir». Inapita kwa simu, kutoka chumba mpaka chumba. Wengine wanasema: hiyo ni filimu ya wapelelezi, iachwe. Sisi tunasema: tuiangalie, lakini kwa macho mawili.

Jicho la kwanza lione uzuri wake. Filimu hiyo ilianza kuonyeshwa Uingereza tarehe 7 Januari 1961, ikaendelea mpaka 1969. Bwana John Steed, aliyechezwa na Patrick Macnee, anavaa suti safi na kofia nyeusi ya duara, na mwavuli uko mukononi. Anasalimia adui kwa heshima mbele ya kumushinda. Bibi Emma Peel, aliyechezwa na Diana Rigg tangu 1965, ni mwanamuke mwenye kujua sayansi. Anafikiri, anapigana, anaendesha gari yake mwenyewe, na mara nyingine yeye njo anamuokoa Steed. Wasichana wa shule yetu wanaipenda filimu hii kuliko wavulana, na wana haki.

Lakini wavulana nao wasisahau jambo moja: mara nyingi Steed habebi bunduki. Macnee alikuwa katika jeshi la majini wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, na rafiki zake wengi walikufa mule. Kisha hapo hakutaka kushika bunduki hata katika muchezo. Sisi watoto wa Masisi na Walikale tunaelewa neno hilo bila kuelezwa.

Sasa jicho la pili. Kisha siku kumi tu tangu filimu ianze, tarehe 17 Januari 1961, Patrice Lumumba aliuawa karibu na Elisabethville. Kumbe wapelelezi wa kweli walikuwa katika inchi yetu wakati uleule. Uingereza ilikuwa na mupelelezi wake Léopoldville, naye alikuwa mwanamuke, Daphne Park. Marekani ilikuwa na Larry Devlin. Mwezi wa Septemba 1960 Devlin aliletewa sumu kutoka kwao ili Lumumba auawe. Sumu ile haikutumiwa, lakini tume ya Seneti ya Marekani iliandika habari hiyo waziwazi mwaka 1975. Katika filimu, hadisi inaisha Steed na Bibi Peel wakiondoka kwa kicheko. Huku kwetu inchi ilibaki na kilio, na jino moja la Lumumba lilirudishwa mwaka 2022 tu.

Tena kuko jambo la karibu zaidi. Tangu vita iliyoanza Ntoto, katika Walikale, mwaka 1993, na kuingia Masisi, jina «mupelelezi» si muchezo hapa. Mutu anatoka soko moja kwenda soko lingine, ama mwanafunzi anatoka kijiji kinachoshikwa na hawa kwenda shule iliyo upande wa wale, na watu wanasema: «Huyu njo mupelelezi.» Hakuna tribinali, hakuna mushuhuda. Jina tu linaweza kutosha kumufunga mutu, ama kumuua.

Kwa hiyo tunaomba neno moja. Tangu filimu hii iingie internat, tumezoea kuitana «mupelelezi»: anayepeleka habari kwa prefe ni mupelelezi, anayetoka kijiji cha mbali ni mupelelezi, hata anayepata pointi nyingi kuliko wengine, eti mupelelezi. Tuache. Kama unataka kuwa kama Steed, piga shati yako pasi, salimia mutu ambaye hamupatani, shinda mabishano bila kuokota jiwe. Kama unataka kuwa kama Bibi Peel, fungua daftari ya fizike. Ile champagne yao, tuwaachie wenyewe.

Lakini usimwite ndugu yako jina lile, hata kwa kucheka. Kuta za internat yetu ni za mbao, na nje wanapita watu wenye kusikia ambao hawajui kama hiyo ilikuwa filimu.