Aliyelemewa na Huzuni Asiambiwe Imani Yake ni Ndogo

Kila mwenye mazoea ya kuswali jamaa amewahi kumuona mtu huyu. Wenzake wamekwisha kushika safu, imamu yuko rakaa ya pili, naye bado yuko bombani anaosha mkono uleule kwa mara ya saba. Akiingia safuni hupiga takbira, akaivunja, akapiga tena. Wengine humcheka, wengine humnong'oneza kwamba shetani amemtawala. Yuko na mwingine ambaye hatumuoni kabisa, kwa kuwa wiki ya tatu sasa hatoki chumbani. Usingizi haumjii, chakula hakimpiti kooni, na Alfajiri humkuta macho lakini mwili haunyanyuki. Huyo naye huambiwa kwamba hamtegemei Mola wake vya kutosha.

Ndugu Waislamu, maneno hayo ni makosa, tena yanadhuru. Nabii Yaaqub (A.S.) alimlilia mwanawe hata macho yake yakawa meupe, na Qur'ani haikumhesabu kuwa mchache wa imani. Mtume wetu (S.A.W.) alifiwa na Bi Khadija na Abu Talib katika mwaka ambao wanahistoria wameuita Mwaka wa Huzuni, na alikuwa akimuomba Allah (S.W.) amkinge na dhiki ya moyo na majonzi. Ni nani miongoni mwetu atakayejidai kuwa na imani ipitayo yao?

Madhara yake yako wazi kwa anayejua namna maradhi haya yanavyojilisha. Mwenye sonona hujihukumu kwamba hana thamani na kwamba hakuna kitakachobadilika. Kwa hukumu hiyo hujitenga na watu na kuacha kazi zake, na upweke unaofuata huwa kwake ushahidi kwamba alihukumu sawa. Anayemwambia kuwa imani yake ni ndogo anamwongezea ushahidi. Mwenye wasiwasi wa udhu vilevile: kila anaporudia, hofu hupoa kwa dakika chache, na nafuu hiyo fupi ndiyo inayomfundisha kwamba pasipo kurudia hakuna salama.

Mafakihi walilitambua hilo zamani. Kanuni yao ni kwamba yakini haiondolewi na shaka, na waliyemuona ameshikwa na wasiwasi walimwamuru aupuuze na aendelee na swala yake. Mwaka 1966, mwanasaikolojia Victor Meyer wa London aliandika habari za wagonjwa waliokuwa hawaachi kurudia vitendo vyao vya wasiwasi. Aliwakabilisha na kile walichokiogopa, huku wakizuiwa kuvirudia vitendo hivyo, mpaka hofu ikalegea. Tiba hiyo, iliyoboreshwa baadaye, ndiyo inayotumika hadi leo.

Wala si hilo pekee. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi. Humo aliitenga huzuni yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupoteza mali, na ile isiyojulikana chanzo chake, ambayo aliihusisha na mwili na kuiona yahitaji dawa. Alishauri pia kwamba mtu akiwa katika utulivu ajiwekee akiba ya fikra njema za kumfaa siku ya dhiki, kama awekavyo dawa nyumbani. Ilipita zaidi ya miaka 1,000 kabla ya Aaron Beck wa Marekani, katika miaka ya 1960, kujenga tiba ya mazungumzo inayomfunza mgonjwa kuzichunguza fikra zake badala ya kuzisadiki zote.

Atakayesema kwamba hayo ni ya matajiri na aitazame Zimbabwe. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare jijini Harare, daktari Dixon Chibanda alianza na mabibi 14, akawafunza kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, kuwasikiliza, na kuwasaidia kulishughulikia tatizo moja moja. Washona huyaita maradhi hayo kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliokaa na mabibi hao walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Hatusemi dua na kisomo viachwe, Mtume (S.A.W.) aliomba dua na akahimiza kujitibu, yote mawili. Tunachokikataa ni kumfunga mgonjwa na kumchapa kwa jina la kumtoa jini. Na anayetamka kwamba anataka kujiua asiachwe peke yake hata saa moja. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kwa hao wengine, maimamu na kamati za misikiti wana la kufanya. Baraza zipo, na mabibi wenye subira na wanaojua kutunza siri wapo katika kila mtaa. Kinachokosekana ni mafunzo na mhudumu wa afya wa kuwasimamia, na hilo laweza kuanza kwa barua moja kwa mganga mkuu wa wilaya.