Ila Haiji kwa Mkosi

Kuna neno linalozagaa barazani na chini ya miti ya mafundi. Kasha la injini ya pikipiki likitoa jasho la mafuta, au likipasuka pasipo kugongwa, watu hutikisa vichwa, wasema, "Alumini ni madini mabovu, nawe umepata lenye mkosi." Maneno hayo mawili nayapinga yote. Alumini si mbovu, wala mkosi haujui kusubu chombo. Kila ila ina mzazi wake, na mzazi huyo aweza kutajwa kwa jina.

Yafaa kwanza tujue jinsi kasha lile lifanywavyo. Alumini huyeyuka katika moto wa digrii 660 za Selsio. Ikichanganywa na silikoni huyeyuka kwa moto mdogo zaidi na kutiririka vizuri. Humiminwa katika bomba la chuma, kisha pistoni huisukuma kwa nguvu mpaka ndani ya kalibu. Mlangoni mwa kalibu hupita kwa kasi ya mita 30 hata 60 kwa sekunde moja, na kalibu hujaa kabla jicho halijapepesa. Kazi hii ni jamaa ya kazi ya vitabu: mashine ya Ottmar Mergenthaler, iliyoanza kutumika katika gazeti la New York Tribune mwaka 1886, nayo ilisukuma risasi iliyoyeyuka ndani ya kalibu ili ipate mistari ya herufi.

Basi, wazazi wa ila ni hawa. Wa kwanza ni pupa. Pistoni ikianza kwa haraka, wimbi la madini hujikunja na kuimeza hewa iliyomo bombani. Kwa hiyo mtu ajuaye kazi huanza polepole, ndipo aongeze kasi. Wa pili ni unyevu. Maji yakigusa alumini iliyoyeyuka huachilia hidrojeni, nayo huingia ndani yake. Alumini ya maji huweza kushika hidrojeni kadiri ya mara 20 kuliko ile iliyoganda. Basi ikiganda huitoa, na mahali pake pakabaki vishimo. Wa tatu ni njaa. Alumini ikiganda hupungua kadiri ya sehemu 6 katika 100. Palipo panene huganda mwisho, na kama hapana njia ya kupalisha madini mengine, pabaki uwazi. Wa nne ni ubaridi. Mikondo miwili ikikutana imekwisha kupoa, kila mmoja na utando wake, hukaa bega kwa bega pasipo kuungana. Mstari mwembamba uonekanao hapo ndipo kasha litakapopasukia.

Katika hao wanne, mkosi yuko wapi? Simwoni.

Watajibu wengine, "Lakini kasha lang'aa!" Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Madini yaliyogusa kalibu huganda upesi yakawa ngozi ngumu isiyo na matundu mengi, na vishimo hujificha chini yake. Kwa hiyo nawaonya mafundi wetu: mtu apigaye tupa kasha mpaka ngozi imekwisha, asishangae mafuta yakitoka, yeye ndiye aliyefungua mlango. Na yule akimbiliaye kuchomelea ufa, hewa iliyofungwa ndani huvimba kwa moto, na penye tundu moja hupata matundu kumi.

Watasema tena, "Hakuna kasha lisilo na kishimo hata kimoja, wataka tutembee kwa miguu?" Ni kweli, hakuna. Lakini kishimo kidogo mahali pasipobeba mzigo si sawa na kishimo kikubwa penye bolti. Tena dawa zipo: kuifyonza hewa ya kalibu kabla ya kusukuma, kukausha madini na vyombo, kulipiga kasha picha ya eksirei, kulitia hewa na kulizamisha majini ili mapovu yaseme kweli. Mwenye kiwanda azijuaye dawa hizi na kuziacha ili auze kwa bei ndogo, huyo hakupatwa na bahati mbaya, amechagua. Na atakayelipa ni kijana aliye njiani na abiria mgongoni, injini ikikauka mafuta na gurudumu likishikwa ghafula.

Nasi waalimu tuna sehemu yetu. Mtoto akituletea kipande kilichovunjika, tusimwambie "ni bahati." Tumwonyeshe mahali kilipovunjikia. Kishimo cha mviringo chenye kuta laini ni kazi ya hewa. Kishimo chenye kuta za kukwaruza ni kazi ya njaa. Mtoto ajuaye tofauti hiyo atakua akiuliza, "Nani alifanya hivi, na kwa sababu gani?" Wauzaji wa vitu vibovu hawalipendi swali hilo. Basi na liulizwe dukani kabla fedha haijatoka mfukoni.