NANI MKAAZI MLANGONI MWA CHUO KIKUU?

Kila mwaka, matokeo ya Kidato cha Sita yakishatoka, nyumba nyingi za Unguja huingiwa na furaha na hofu kwa wakati mmoja. Mtoto amefaulu, majirani wamekuja kutoa pongezi, na mama ameshaanza kuuliza bei ya godoro. Ndipo huja suali ambalo halikuwamo katika mtihani: Huyu kijana ni wa wapi? Jawabu la suali hilo ndilo linaloamua kama atalipa ada ya raia au ya mgeni, na kama anaweza kuomba mkopo wa kusomea au hawezi. Leo twataka kulizungumza jambo hili kwa uwazi, kwa kuwa linawagusa ndugu zetu wa Mji Mkongwe na wa Ng'ambo, wa mjini na wa mashamba, sawasawa.

Kwanza tutenganishe maneno matatu ambayo watu huyachanganya. Raia ni raia wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Uraia ni jambo la Muungano, na ni mmoja kwa Bara na Visiwani. Mzanzibari ni hadhi iliyowekwa na sheria ya Zanzibar ya mwaka 1985, inayotazama mtu alikuwa wapi kabla ya Mapinduzi ya Januari 1964, na kwa aliyezaliwa baadaye, wazazi wake ni nani. Mkaazi ni neno la tatu, na sheria ya mwaka 2005 ndiyo iliyoleta kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Mtu anaweza kuwa raia asiwe Mzanzibari. Anaweza kuwa Mzanzibari kwa nasaba, lakini akawa hakai hapa.

Kijana akifika mbele ya karani, maneno yote matatu humwangukia kwa pamoja. Vyuo vya Afrika Mashariki vimezoea kuwa na ada mbili, ya raia na ya mgeni, na ya mgeni aghlabu ndiyo kubwa. Kisha ipo mikopo. Bara kuna Bodi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, na Zanzibar ina Bodi yake ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2011 kwa ajili ya Wazanzibari. Kwa mtoto wa mvuvi wa Nungwi au mkulima wa mwani wa Paje, mkopo ndiyo ada yenyewe. Akiukosa, amekikosa chuo.

Wasomaji wetu wazee wanakumbuka tulikotoka. Tarehe 23 Septemba 1964 Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo, na milango ya skuli zilizokuwa zimegawanywa kwa kabila ikafunguliwa kwa watoto wote. Wakati huo hapakuwa na chuo kikuu katika Visiwa hivi. Aliyetaka kusoma zaidi alivuka bahari kwenda Makerere, Dar es Salaam au Ulaya. Sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar ilipitishwa mwaka 1999, na masomo yakaanza mwaka 2001. Leo mtoto wa Makunduchi anaweza kusoma Tunguu, Vuga au Beit el Ras na kurudi kwao kwa daladala. Bahari imeondoka njiani. Haitakuwa insafu karatasi ikakaa mahali pa bahari.

Sisi hatusemi mpaka uondolewe. Hazina ya nchi ni jasho la wananchi, na kila shilingi anayopewa asiyestahiki ni shilingi aliyonyimwa anayestahiki. Serikali ina haki ya kuuliza nani ni nani. Tunalolizungumza ni namna ya kuuliza, na namna ya kulipokea jawabu.

Chukua mfano wa vijana watatu, ambao kila msomaji ataweza kuwakuta katika mtaa wake. Wa kwanza baba yake alitoka Tabora, akafanya kazi bandarini Malindi miaka mingi. Kijana amezaliwa Mwembeladu, hajasoma skuli nyingine ila za Unguja, wala hajui nyumbani pengine. Wa pili ni binti wa Mji Mkongwe aliyepelekwa kwa mjomba wake Mombasa akiwa na miaka kumi, akarudi kuomba chuo na vyeti vya Kenya mkononi. Wa tatu ni wa shamba, baba na babu wa hapa hapa, lakini cheti chake cha kuzaliwa kinasema Asha na cheti cha skuli kinasema Aisha. Hawa wote watatu si matapeli. Lakini mbele ya karani mwenye haraka na msururu mrefu, wote watatu wanaweza kurudishwa nyumbani.

Wala tusidhani kwamba tabu hii ni yetu peke yetu. Katika jimbo la Connecticut, Marekani, sheria iliamua kwamba mwanafunzi aliyeomba chuo akiwa na anwani ya nje ya jimbo atahesabiwa mgeni muda wote wa masomo yake, hata akihamia moja kwa moja. Wanawake wawili walishitaki. Kila mmoja alikuwa na leseni ya gari ya jimbo hilo na ameandikishwa kupiga kura humo, na mmoja ameolewa na mwenyeji. Mwaka 1973 Mahkama Kuu ya Marekani ikasema: jimbo lina haki ya kumtoza mgeni zaidi, lakini halina haki ya kumfungia mtu mlango wa kuthibitisha kwamba yeye si mgeni.

Uingereza nako, Desemba 1982, majaji wa Baraza la Malodi waliamua kesi ya wanafunzi walionyimwa msaada wa masomo. Walisema ukaazi wa kawaida ni pale mtu alipochagua kuishi kwa hiari yake na kwa lengo la kutulia, uwe muda mfupi au mrefu. Serikali haikuipenda hukumu hiyo, na mwaka uliofuata ikabadili kanuni zake, ili anayekuja kwa ajili ya masomo tu asihesabiwe. Ilikuwa haki yake. Lakini iliandika, ikatangaza, na kila mtu akajua mpaka uko wapi. Hilo ndilo tunalolipigania hapa.

Na jirani zetu wanazidi kukaribia. Mei 2017, mjini Dar es Salaam, Wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliitangaza Jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu. Maadam tunazungumza na Nairobi na Kampala juu ya kupokeana wanafunzi, itakuwa aibu mtoto wa Kwahani akahangaika kuthibitisha kwamba anakaa Kwahani.

Basi twataka mambo matatu. Pale yalipokwishakuwapo, yatangazwe. Pale yasipokuwapo, yawekwe.

La kwanza, kanuni iandikwe kwa Kiswahili chepesi, ibandikwe katika kila skuli ya sekondari na kila ofisi ya sheha kabla ya muda wa maombi kufunguliwa. Iseme wazi nani ni raia, nani ni Mzanzibari, nani ni mkaazi, na kila hadhi inampa mwanafunzi nini. Iseme pia kwamba safari ya masomo haivunji maskani: aliyekwenda Mombasa, Maskati au Dodoma kusoma, na wazee wake wako hapa, huyo hajahama.

La pili, ushahidi usiwe karatasi moja wala kauli ya mtu mmoja. Barua ya sheha ni muhimu, na masheha wengi wanaifanya kazi yao kwa uadilifu. Lakini sheha ni binadamu, huweza kusahau, kughadhibika au kutomjua mtu aliyehamia juzi katika shehia yake. Vyeti vya skuli tangu darasa la kwanza, kadi ya kliniki, risiti za umeme za wazazi, vyote vipewe uzito wake.

La tatu, anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi, apewe siku za kukata rufaa, na rufaa hiyo isisikilizwe na yule yule aliyekataa. Katika siku hizo, nafasi yake ya chuo isichukuliwe na mwengine. Kumwambia mtu mwezi wa Disemba kwamba alikuwa na haki mwezi wa Oktoba ni kumpa maji mtu aliyekwisha kuzikwa.

Nanyi wanachama, kazi nusu ni yenu. Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake, anayelima pamoja nasi ni mmoja wetu. Lakini siku hizi hata jembe linataka cheti. Andikisheni watoto mara wanapozaliwa. Linganisheni majina katika vyeti vyote sasa, mtoto akiwa bado Kidato cha Pili, msingoje wiki ya mwisho. Kila tawi liweke jioni moja kwa juma kuwasaidia vijana kujaza fomu, na anayejua kusoma kanuni amsomee asiyejua.

Babu zetu waliulizwa suali hili hili. Katika uchaguzi wa kwanza wa mwaka 1957, hata mtu aliyeyapalilia mashamba ya karafuu miaka mingi hakupiga kura ila awe raia wa Sultani. Tulijifunza wakati ule kwamba anayeshika kalamu ya kuandika nani mwenyeji, ameshika riziki za watu. Kalamu hiyo leo imo mikononi mwetu wenyewe. Tuitumie kwa haki, ili kijana aliyefaulu asirudishwe nyumbani na herufi moja.